Ubao wa Nibia

Jumapili ya mwisho ya Juni, Paysandú, baridi ya kukaza taya.
Nibia Olazábal anafuta ubao nje ya duka lake la misumari
kwa kiwiko cha sweta.
Ana chaki fupi na habari mbili,
kwa hiyo juu anaandika neno moja la kutosha zote:
MCHUJO.

Kushoto, mechi ya jana: wapakiaji wa bandarini
na wale wageni kutoka Salto.
Kulia, chama na namba za orodha,
maana huku mgombea huvaa namba kama winga,
na ukiulizwa unampigia nani
hutaji jina, unataja tarakimu.

Ledesma fundi bomba akasimama, akakuna kidevu:
"Upi wa mpira, upi wa kura?"
"Wenye refa ndio wa mpira," akasema Nibia,
akaingia ndani, birika lilikuwa linanung'unika.

Kinywaji chao wanakiita mate. Usicheke, msomaji.
Ni majani machungu ndani ya kibuyu,
maji ya moto, mrija wa chuma
wenye chujio dogo mwishoni, kama sikio la panya.
Ingawa mrija ni mmoja na midomo ni saba,
basi cheka kidogo.

Kaka yake, Wilmar, amekalia mfuko wa saruji.
Zamani alikuwa kipa.
Alifungwa penalti ya tano katika mchujo wa mwaka wa mafuriko,
akarudi kwa miguu, glavu kwapani,
akalala siku mbili. Yakaisha.
Siku ya tatu hakuna aliyemgongea mlango kumwambia:
vaa jezi ya waliokufunga, ukawadakie fainali.

Leo ameanguka mchujo mwingine.
Orodha 8172, kura mia nne na sita.
Kijana wa mabango, elfu mbili na ushee.
Na simu haimwachi:
"Njoo jukwaani, Wilmar. Saa nne. Mshike mkono, uunyanyue.
Kamera zipo."
Sauti ni ileile iliyomwita redioni, juzi tu,
glavu tupu.

Mimi neno hili nililijua likiwa bado jikoni:
kifumbu cha bibi, nazi iliyokunwa,
tui linashuka, machicha yanabaki,
na machicha kuku wanajua pa kuyapata.
Hapakuwa na hotuba.
Sikuwahi kuona tui likiyaomba machicha
yalipigie makofi.

Mpirani nako, ukichujwa umechujwa:
unaitukana nguzo ya goli, unapanda basi.
Ni siasa tu inayoyakusanya machicha kutoka uani,
inayarudisha chunguni,
inayataka yaseme: sisi sote ni tui.

Nibia anaongeza maji. Mara ya sita.
Majani ni yaleyale; hayajapita mrijani hata jani moja,
na kila anayefyonza anakunja uso kwa ajili yao.
Nilitaka kumwambia Wilmar jambo kuhusu hilo,
lakini lilinukia faraja,
na yeye hapendi faraja. Anapenda sukari,
ambayo humu dukani ni karibu na uhaini.

"Wewe ulinipigia?" akamuuliza dada yake.
"Nilikuwa na mafua."
"Mafua."
"Mchujo si lazima, Wilmar. Sheria yenyewe inasema."
Akacheka hadi saruji ikatoka vumbi.
Kisha akatafuta koti.

Tulimwona kwenye televisheni ndogo juu ya rafu ya rangi.
Kijana alikuwa ameshaanza kupunga.
Wilmar akatokea pembeni, akaurusha mkono juu,
vidole vyote vitano wazi,
kama mtu anayeufuata mpira uliokwishapita,
akaukamata mkono wa mwenzake hewani.

"Huo ameudaka," akasema Ledesma.
Nibia hakujibu. Alikuwa nje, kwenye baridi,
akigeuza sita kuwa saba.